Mkate Alionyimwa Zabron

Beatrisi wa Maramba alikuwa mke wa ndoa wa Zabron, ndoa ya kanisani, ya pete na nyimbo. Wakaishi vizuri hadi kaka yake Zabron alipokufa, akaacha mjane, Praxeda, asiye na kwao pa kurudi. Zabron akamrithi, kama wazee walivyofanya. Basi kanisa likamtenga. Beatrisi akaendelea kwenda mezani kwa Bwana. Mumewe akabaki benchi la nyuma, anawatazama wenzake wakila.

"Mwache huyo mwanamke, baba Ayubu," Beatrisi alimsihi mumewe. "Mungu ndiye aliyekataza, si padri."

"Nikamtupe wapi? Baharini, huko Moa?"

Maradhi yalipomlaza, Zabron aliomba kitu kimoja tu: mkate ule. Padri mzee akakataa, akasema sheria ya Mungu haina mlango wa uani. Zabron akamgeukia mkewe.

"Jumapili ukipewa wako, usiumeze wote. Nifichie kipande kwenye upindo wa kanga."

Beatrisi akapewa. Akarudi nao kinywani mpaka kwenye benchi. Akaogopa moto wa milele. Akameza.

Alipofika nyumbani Zabron alimtazama mdomo, akageukia ukutani. Wiki ile ile akafa. Padri hakuja, kaburi walichimba majirani Waislamu, wakamfukia kwa heshima.

Mwaka huu kaja padri mpya, kijana mpole. Akatangaza kwamba waliorithi wajane wanapokelewa mezani, wao na wake zao. Ibada ilipokwisha Beatrisi alimfuata nje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hilo neno jipya kawaambia Mungu?"

"Sinodi, baraza letu la kanisa, ilikaa, mama. Tukabishana sana, mwisho tukanyoosha mikono. Waliokubali wakawa wengi."

"Na lile la zamani?"

Padri akajikuna shingo. "Nalo nadhani... walikaa."

"Wakanyoosha mikono?"

"Mama, naweza kuja kumwombea marehemu kaburini."

"Njoo tu, mwanangu. Lakini yeye aliomba kula."

Njiani Praxeda alimshika mkono, uso unang'aa. "Dada, Jumapili tunakwenda wote! Miaka yote hiyo nimekaa kama kuku wa mlangoni."

Beatrisi alikuwa akiwaza: kama aliyekataza ni Mungu, basi amebadili neno wakati Zabron amekwisha oza. Na kama ni watu, mumewe alikufa na njaa yake kwa ajili ya watu waliokaa kwenye viti mahali fulani, na yeye mwenyewe akawasaidia. Akatafuta namna nyingine ya kulisema jambo hilo, asiipate.

Jumapili ile Praxeda alivaa gauni jeupe akaenda peke yake. Beatrisi alibaki shambani anang'oa mihogo. Nyimbo zilipomfikia alisimama kwa mazoea, akafumba macho asali. Midomo ikafunguka, asijue anamwita nani. Akainama tena, akashika shina lililofuata.