Mwezi Ulipompita Zohali

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ilibaki kidogo tu niikose kazi iliyonilea mpaka nimezeeka, na kisa ni nyota! Usicheke, Atupele. Tangu jana unanionyesha simu yako, hiyo programu ya unajimu wa Kihindi inayosema Mwezi na Zohali watakutana kwenye nyumba yako ya kazi, yaani ile sehemu ya anga wanayosema inahusu kazi ya mtu, siku ileile ya usaili wako kule Mbeya. Chakula hakipiti, na mama yako ananiambia unataka kupiga simu useme unaumwa. Mimi niliposikia jina la Zohali nilitaka kuruka na magoti yangu haya mabovu. Kumbe bado yupo! Tunajuana naye zamani sana. Weka simu chini unisikilize, mjukuu wangu.

Nilikuwa binti wa kijijini Mpuguso, mchuma chai, umri kama wako. Kila alfajiri kabla ya kwenda shambani nilipeleka maziwa kwa Mama Kamla, mke wa fundi mitambo wa kiwanda cha chai. Wazazi wake walitoka India, lakini yeye alizaliwa hapahapa Tukuyu, na Kinyakyusa alikiongea vizuri kuliko watoto wengi wa siku hizi. Unajimu alifundishwa na bibi yake. Aliuheshimu, wala hakuwa mtu wa kutisha watu.

Msimu ule kiwanda kilitafuta mtu mwenye pua. Majani ya chai yakishakatwakatwa hutandazwa yachachuke, yanageuka kutoka kijani hadi rangi ya shaba, na lazima awepo mtu wa kunusa na kusema sasa yaingie kwenye kikaushio. Akiwahi, chai inabaki na ukali wa majani mabichi. Akichelewa, inapooza. Kazi hiyo ilikuwa ya wanaume tu. Siku moja msimamizi akanisikia nikipita nje ya dirisha la kiwanda na kuwaambia wenzangu kwamba chai ya leo wameiwahi. Akaenda kuonja, akarudi anacheka, akaniita kwenye majaribio. Nilifurahi mpaka nikamwaga maziwa ya watu!

Nikamwomba Mama Kamla anitazamie nyota. Mama yangu hakujua saa niliyozaliwa, alijua tu kwamba kengele ya kanisa ya asubuhi ilikuwa inalia, na hiyo ikatosha. Akachora zile nyumba za nyota kwa unga sakafuni. Akaniambia kwa upole kuwa siku ya majaribio Mwezi, ambao kwao ndio moyo wa mtu, utakutana na Zohali, mwalimu mkali wanayemwita Shani, na watakutana kwenye nyumba yangu ya kazi.

"Moyo utakuwa mzito," akasema. "Utajiona hufai. Mambo yatakwenda polepole."

Alikuwa bado anaongea, mimi nimeshanyanyuka. Niliyoyasikia yalinitosha.

Asubuhi ya majaribio nikamfikia na maziwa mkononi na kikapu cha kuchumia mgongoni. Akanitazama kuanzia miguuni.

"Gwe, wewe binti, leo si ndiyo siku yako?"

"Siendi, Mama. Moyo ni mzito, kama ulivyosema."

Akanishika bega akanigeuza. Ukungu ulikuwa umefunguka kidogo juu ya migomba, na pale palikuwa na mwezi mwembamba, kando yake nyota moja ya manjano, imetulia tu. Ndiye Zohali huyo. Nilitegemea kitu cha kutisha, kumbe walikuwa wazuri mno wale wawili.

"Ukiambiwa mvua itanyesha unaacha kwenda shambani?" akaniuliza. "Hapa Tukuyu? Si mngekufa njaa wote! Nilikwambia moyo utakuwa mzito ili ukizidiwa ujue ni nini, usidhani ni wewe hufai. Mwezi unakutana naye kila mwezi, na kesho utakuwa umeshampita. Tena hukuniacha nimalize. Shani anampunguza mtu mwendo, lakini anampa subira. Shusha kikapu. Nenda na huo uzito wako."

Nikaenda nao. Kiwandani nilikuta vijana wawili wachangamfu, kila mmoja amepewa fungu lake la kunusa. Wa kwanza akawahi kusema tayari, na mwenzake hakutaka kuachwa nyuma. Mimi nikainama juu ya fungu langu, moyo unaniambia sifai. Kwa kuwa sikuwa na tamaa tena ya kushinda, niliendelea kunusa tu.

"Vipi?" msimamizi akauliza.

"Bado, baba."

Akauliza tena, nikasema bado, vijana wakaanza kucheka. Mara ile harufu ya majani mabichi ikaondoka, ikaja harufu tamu ya tunda lililoiva, na nikapiga kelele kiwanda kizima kikageuka: "Sasa!"

Chai yangu ilipomiminwa iling'aa kikombeni. Msimamizi akaonja, akarudia kuonja, akaniambia Jumatatu nije bila kikapu. Nilikimbia kwenye mvua hadi kwa Mama Kamla, nikambeba juujuu na sari yake, naye anapiga kelele nimshushe!

Ilikuwa Zohali au pua yangu? Mpaka leo sijui, mwanangu, na wala halininyimi usingizi.

Ninachokuomba ni hiki, na wenzako uwaambie. Ukipenda kutazama nyota, tazama, ila zisikilize mpaka mwisho, na usiziache ziende kwenye usaili kwa niaba yako. Zikisema utaogopa, basi ogopa, panda gari na woga wako. Woga ukikufanya ujibu polepole, jibu polepole. Huenda hicho ndicho wanachokitafuta. Siku moja ya moyo mzito isikuchagulie maisha.

Mungu akutangulie njiani, akupe kibali mbele ya watu, na urudi nyumbani unakimbia kama nilivyokimbia mimi. Sasa kapige pasi nguo zako. Na alfajiri ya safari, kabla hujaondoka, utoke uani utazame juu ya migomba. Ukiwaona wamekaribiana, uje uniamshe, nimsalimie Zohali, kisha nikusindikize mpaka barabarani.