Karata ya Kifo na Koti la Baba

Vijana wa mtaani walimwita Brashi, kwa kuwa hata akienda kunyolewa, brashi ilikuwa imechomoza mfukoni. Alichora mabango ya maduka na saluni, na riziki yake ilitoka humo. Roho yake, hata hivyo, ilikuwa kwenye karata za taroti, zile za picha ambazo mtu huzitandaza mezani akitafakari maisha yake yanaelekea wapi. Mchapaji mmoja alikubali kumchapia seti yake mwenyewe, naye akaapa kwamba hatanakili hata picha moja ya zamani.

"Wafalme wenye manyoya shingoni, farasi weupe, minara ya mawe," alikuwa akilalamika. "Nani hapa amewahi kukutana na mfalme? Mtu asiyejiona kwenye picha atajisomaje?"

Basi akashuka mitaani. Mzee mpweke mwenye taa akawa mlinzi wa ghala na tochi yake. Gurudumu la bahati alimpa fundi baiskeli, ambaye hulizungusha huku akisikiliza linapogongea. Na yule mtu anayening'inia kichwa chini, ametulia kana kwamba amependa mwenyewe, akawa makanika aliyelala chini ya gari. Cha mvunguni huinamiwa. Makanika alipojiona alicheka mpaka spana ikamponyoka.

Ikabaki Kifo. Kwenye karata za zamani Kifo ni mifupa iliyopanda farasi. Brashi alimchora mama yake.

Mama alikuwa fundi cherehani, na sebule ndiyo iliyokuwa karakana yake. Watu walimletea nguo zilizomaliza siku zao: gauni la dada mkubwa ligeuzwe la mdogo, suruali ya marehemu iwe kaptula ya mjukuu. Brashi alimchora ameinama, wembe mkononi, anafumua mshono, nyuzi zimemjaa mapajani.

Mama aliishika picha mbali na macho, kisha karibu.

"Huyu ni mimi."

"Ni wewe, mama."

"Na hapa chini umeandika nini?"

Brashi akakohoa. "Kifo."

"Mwanangu, nimekukosea nini?" Aliilaza picha juu ya meza ya kukatia. "Bibi harusi gani atakuja kupimwa kiuno na Kifo? Utanifungia kazi nikiwa hai."

"Haimaanishi mtu atakufa, mama. Maana yake kitu kimekwisha, kifumuliwe, kitambaa kipate kazi nyingine. Mtaa mzima hakuna anayelijua hilo kukuzidi. Lakini ukisema niichane, naichana."

Alisema hivyo huku moyo ukimuuma. Hakuwahi kuchora picha bora kuliko ile, na bila Kifo seti ingekuwa na pengo.

Mama aligeuka. Alitazama nyuma ya mlango, ambako koti la marehemu baba lilining'inia kwenye msumari. Sufu nzuri, ya kutosha kutoa makoti mawili ya watoto.

"Basi umechora uongo," alisema taratibu. "Nguo za watu nafumua. Lile nalishusha, nalipiga pasi, nalirudisha. Wembe sijawahi kuligusisha. Kifo gani hicho kinachoogopa koti?"

Brashi akaligeukia koti. Alikuwa amewafukuza wafalme wa kuazima, kisha akaleta uongo wa nyumbani mahali pao. Kila siku alipita mlango ule, na koti lile lilikuwa kwake kama sehemu ya ukuta.

Akachora upya. Sasa mama alionekana kwa mgongo, ameketi mbele ya koti. Cherehani imefunikwa. Wembe upo mezani, bado umo kwenye karatasi yake.

Mama aliitazama mpaka chai yake ikapoa.

"Huyu namjua," alisema. "Na kwa mgongo hakuna atakayenitambua."

"Mgongo huo mtaa mzima unaujua, mama."

"Nyamaza, kabla sijabadili mawazo."

Karata zilipochapwa, mama mwenyewe aliichukua ile moja akaiegemeza kwenye kioo cha kujipimia. Msichana aliyeleta kitambaa cha harusi akaiona, akasoma jina chini yake, akaitazama tena.

"Fundi, koti zuri hili. Linauzwa?"

Mama akatoa pini mdomoni. "Haliuzwi. Inua mkono nikupime."