Mtu Aliyeziba Ndege

Leo watu wa ndege wamemfuta baba yangu kwenye picha, na mimi nikawaambia asante.

Tunamzika Jumamosi, nyumbani Mwatate. Picha yake ya ujana iko moja tu. Amesimama ubavuni mwa ndege ndogo, kwenye kile kiwanja cha ndege cha Voi alichokuwa akifyeka nyasi.

Nilitaka tu kujua ni ndege gani, tuandike chini ya picha kwenye programu ya mazishi. Nikaiweka kwa grupu moja ya wapenzi wa ndege za zamani.

Weh, hao watu wanajua!

Wakaanza na gurudumu la mkia, wakaja kwa bawa, wakabishania dirisha. Mwishowe wakakubaliana: Super Cub.

Kisha mmoja akauliza, kwa adabu kabisa: "Huyo jamaa anatuzibia ndege. Nimtoe?"

Sikuwa nimewaambia ni nani. Nyinyi mngejibu nini?

Kabla sijajibu, picha ikarudi. Ndege inang'aa, haina hata mkwaruzo. Baba hayupo. Kumebaki kivuli chake hapo chini. App ilikisahau.

Nikaandika asante. Sikukasirika. Tangu Jumapili alipofariki sikasiriki, silii, nachemsha tu chai ya wageni.

Mama akaomba kuona. Akaisogeza simu karibu na macho. Halafu akaweka kidole juu ya kile kivuli.

"Huyo naye," akasema. "Akiambiwa asogee, anasogea tu."