Shamba Langu Likawa la Kwanza

Kikundi chetu cha mwethya, yaani cha kusaidiana kazi, kina nyumba kumi na nne, nje kidogo ya Kithimani. Tunachimbiana mitaro ya kuzuia maji kabla ya mvua, leo shamba la huyu, kesho la yule. Zamani zamu zilipangwa kwa kura. Watu walipochoka kugombana, mama mwenyekiti aliniomba niandike programu ya kuzipanga, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Nimesoma hadi kidato cha nne na miezi sita ya kompyuta pale Machakos mjini. Mengine nilijifunza mwenyewe.

Niliiandika wiki ya tatu baada ya kumzika mke wangu. Kusema niliiandika si kweli. Niliieleza AI ninachotaka, ikaandika, nikabonyeza kukubali. Kabla ya msiba nilikuwa nikisoma kila mstari. Baadaye nikawa nakubali tu, kama mtu anayeitikia pole.

Orodha ilipofika kwenye simu za watu, shamba langu lilikuwa la kwanza.

"Fundi, hii kompyuta umeipikia nini?" jirani yangu aliuliza mkutanoni. "Mbona imekupenda hivyo?"

"Mwache," mama mmoja akamjibu. "Hata kompyuta inajua kutoa pole."

Walicheka. Mama mwenyekiti hakucheka. "Tueleze tu, baba. Imekuchagua kwa nini?"

Niliomba siku mbili. Nilisoma ile programu mara tatu, mistari zaidi ya mia mbili, nisione sababu. Nikaiuliza AI. Ikasema ni kwa sababu shamba langu lina mteremko mkali. Sikuwa nimeipa habari zozote za mteremko. Nilipoiambia hivyo ikaomba radhi, ikasema ni wingi wa watu nyumbani. Nyumbani nimebaki peke yangu.

Hapo nikaanza kujishuku mimi. Labda niliomba upendeleo na nikafuta ujumbe. Siku zile hata chai nilikuwa nikiitia chumvi. Halafu nikashuku kazi zilizotangulia, ya duka la dawa, ya shule, zote nilizosifiwa. Sikuweza kuapa ni zipi nilizifanya kwa akili yangu.

Nilirudi mkutanoni nikasema, "Sijui. Programu ni yangu lakini siielewi."

Jirani yangu alinitazama. "Kumbe tulikuwa tunakuita fundi bure," akasema, safari hii bila mzaha.

"Basi tuletee ile unaelewa," mama mwenyekiti akasema. "Tuko na wiki moja tu kabla ya kuanza kuchimba."

Niliandika peke yangu, AI nimeizima. Kanuni ilikuwa moja: aliyechimbiwa mwisho msimu uliopita aanze. Kitu ambacho AI ingekimaliza kabla sijakaa vizuri kilinichukua siku tano, na mara mbili nilikosea. Ilipokubali kufanya kazi nilizihesabu zamu tena kwa mkono kwenye daftari, kanuni nikiiandika juu, kwa sababu sikujiamini. Nilikuwa wa kumi na moja.

Mvua ilitukuta kwenye shamba la tisa. Kwangu maji yalikata katikati ya sehemu ambako mke wangu alikuwa akipanda ndengu, udongo ukashuka hadi njiani. Jirani yangu alikuja na jembe bila kuitwa, akauliza mbona mimi ndimi nimeachwa nyuma. Nilitoa daftari ndani ya koti nikamwonyesha mstari wa ile kanuni, nikamsomea, naye akauelewa.