Sukari Chini ya Ulimi

Nina hasira za karibu, sifichi. Wenzangu kwenye kituo chetu cha afya upande wa Bulumbi husema mdomo wangu unachoma kuliko sindano zangu. Siku ile, saa nne asubuhi, jaja mmoja, yaani bibi mzee, akaingia na mjukuu wake mgongoni, msichana wa miaka mitatu hivi, kichwa kinaning'inia. Degedege lilikuwa limemshika njiani. Lilikwisha, lakini mtoto hakuamka.

"Musawo, msaidie," akaniambia, maana ndivyo wanavyotuita wauguzi na madaktari huku. "Lakini sindano hapana. Mtoto wa degedege ukimchoma, amekufa."

Imani hiyo naijua tangu utotoni. Hata mama yangu mzazi aliishika. Watoto huletwa wakiwa taabani, wanachomwa, wengine wanakufa, na lawama inaiangukia sindano. Mdomo uliniwasha. Niliwahi kumfokea mama mmoja kwa neno hilo hilo, akambeba mwanawe akaenda zake, sikumwona tena. Safari hii nikameza mate.

Mtoto alikuwa wa moto, anapumua, lakini ukimwita haitikii. Jaja alisema hajala tangu jana. Dalili zilikuwa za malaria kali, nayo humaliza sukari mwilini, na ubongo bila sukari hauna subira. Kuipima kunataka tone la damu, na jaja alishavifumbata vidole vya mjukuu wake. Basi hupimi, unatibu kana kwamba imeshuka.

"Jaja, sukari unaikubali?"

"Sukari si sindano."

Tukamlaza mtoto ubavu. Nikaleta sukari yetu ya chai, nikalowesha kijiko kimoja kwa matone ya maji, nikamwonyesha jaja jinsi ya kuiweka chini ya ulimi, kidogo kidogo, mtoto asije akapaliwa. Akaiweka mwenyewe. Mimi nilihesabu pumzi na kumwomba Mungu. Tulikuwa kwenye kijiko cha pili mtoto alipokunja uso, akafungua macho, akalia.

Nilijivunia, kwa nini nidanganye? Nilijivunia kile kijiko, na zaidi nilijivunia huu mdomo wangu kwa kunyamaza. Lakini sukari haiui malaria. Nikamweleza jaja polepole: sukari imemwamsha, ila dawa ya kumponya inapita mshipani, na tukichelewa atalala tena. Jaja akaunyoosha ule mkono mdogo wa mjukuu wake, akaushika kwa nguvu.

"Choma, nimemshika."

Mshipa niliupata mara moja.

Dripu ilikuwa bado inaingia mama wa mtoto alipofika mbio kutoka Malaba, anakouza matunda. Akauona mpira wa dripu mkononi mwa mwanawe, akapaza sauti.

"Nani amekubali achomwe?"

Nikafungua mdomo nijibu. Jaja akaniwahi.

"Ni mimi," akamwambia mkwewe. "Mtoto ana njaa. Nenda umletee uji."