Magoti ya Shemasi Ézéchiel

Wapo watu wa Butembo wanaosimulia hadi leo kwamba mwaka 2000 marehemu mume wangu, Shemasi Ézéchiel Kakule, alitoka katika depo ya mwanamke wa Uganda akiwa na vumbi la sementi magotini. Ni kweli. Lakini nilifundisha shule miaka ishirini na sita, sipendi ukweli wa nusu.

Mwanamke huyo aliitwa Tamar. Tajiri wake wa Kampala alimtuma Beni, upande wetu wa mpaka, vita vikiendelea, auze sementi na mabati. Kwao mwanamke mwenye adabu humsalimu mwanamume kwa kupiga magoti. Ézéchiel alipoingia kununua mabati, Tamar akashuka chini.

"Simama, mama! Miye ni mutu tu kama weye!" Ézéchiel alipaza sauti. "Batu banaona! Ku kanisa batasema nini?"

Tamar akadhani hajashuka vya kutosha, akainamisha na kichwa. Mume wangu akakimbia, akaacha kofia.

Wanunuzi wote kabla yake walikuwa hivyo. Mmoja alidhani anaombwa chakula, akamwachia ndizi mbili. Miezi miwili ilikuwa imepita bila mfuko kuuzwa. Tajiri alikuwa ametuma habari: anakuja mwisho wa mwezi, na mambo yakiwa vile vile, Tamar hana kazi tena.

Kofia niliifuata mwenyewe kutoka Butembo, maana kofia ya nyumba yetu haiachwi kwa watu. Nikamkuta Tamar analia.

"Mama, niliwakosea nini?"

"Wewe unatoa heshima. Wao wanaona mwanamke anayemlilia mume wa mtu hadharani. Hapa toa mkono, uulize habari za watoto."

"Nisimame wima mbele ya mzee? Mama yangu angenichapa!"

"Mama yako hayuko Beni."

Kesho yake akasimama, akatoa mkono, macho yake yakitazama viatu. Katika wiki mbili sehemu kubwa ya sementi ikaondoka. Nilipomweleza Ézéchiel, aliivua ile kofia.

"Donc, kumbe alikuwa ananiheshimu, na miye nikamukimbia?"

Akarudi Beni na suti yake ya Jumapili kuchukua mabati. Siku hiyo hiyo tajiri akafika, akamkuta Tamar amesimama, anashikana mikono na wanaume waliomzidi umri.

"Mmemharibu mtoto wa watu! Leo anarudi na mimi!"

Ézéchiel akapiga magoti mbele yake, pale kwenye sementi.

"Jambo, tajiri. Yeye anatusalimia kama kwetu. Miye nakusalimia kama kwenu. Sasa nani ameharibika?"

Mume wangu hakujua kwamba huko Uganda wanaume wazima hawasalimiani hivyo.

"Simama, mzee! Mimi si mfalme!" Tajiri alicheka hadi akakaa juu ya mifuko, na hapo ndipo akaona jinsi ilivyobaki michache. "Tamar, baki. Watu hawa unawaweza."

Habari ilipita Kalunguta, katikati ya njia, kabla ya lori lililombeba mume wangu na mabati yake, ikafika Butembo bila tajiri ndani yake: eti shemasi amempigia magoti mwanamke. Suruali niliifua kwa haraka ya hasira, sementi ikaganda magotini. Iko kabatini mwangu. Mwenye shaka aje aipapase.