Barua ya Kukabidhiwa Mwenyewe

Barua tunazopeleka sisi wa shirika la kuunganisha jamaa waliotenganishwa na vita hazitiwi ndani ya bahasha. Ni karatasi moja, habari za nyumbani tu. Siasa na vita havimo. Askari wa gereza huisoma kabla ya kugonga muhuri, ofisi ya huko huisoma, ofisi ya hapa huisoma, na mwisho hunifikia mimi, mwalimu mstaafu ninayejitolea, niipeleke kijijini. Mimi zinazokuja sizisomi. Miaka yote nilijitia uungwana, nikijisifu mbele ya wenzangu kwamba barua ya mtu ni sitara yake. Uungwana huo ndio ulioniponza.

Barua ninayoizungumza ilitoka gerezani, nchi ya jirani kusini kwetu. Mwandishi wake ni kijana wa Gando aliyekwenda dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi ugenini, vita vikamkuta huko. Mwenzake alirudi na habari kwamba kambi ilichomwa moto, na kwamba alimwona akianguka. Kwao wakamsalia sala ya ghaibu, wakasoma khitma, na mkewe akavaa nguo nyeupe akaingia eda. Barua ilikaa njiani miezi mitano. Nilipoishika, nikaliona jina lake pale juu, na la mkewe kuwa ndiye mpokeaji, nikajua yu hai, mke alikuwa amebakisha siku tisa kutoka eda, na binamu ya mumewe alikuwa keshaanza kudokeza posa.

Sasa hapo ndipo niliponasa. Kanuni yetu ni moja: barua anakabidhiwa mwenyewe, mkononi, na mtu mwengine haambiwi hata imetoka wapi. Lakini mwanamke aliyemo edani haonani na mwanamme asiye maharimu wake. Mwenzetu wa kike, ambaye ndiye angeingia ndani, alikuwa amejifungua na yuko kwao Chake. Nilikwenda mara ya kwanza nikamkuta baba mkwe barazani, mzee anayesomesha chuo cha Kurani, mtu wa dini na mpole. Akasema niiache kwake. Nikakataa. Nilikwenda tena baada ya siku mbili, akanikaribisha kahawa bila ya kunitazama usoni. Nilirudi Wete na barua yangu mkobani, nina hasira na kanuni, na eda, na mwenyewe nafsi yangu.

Ofisini nikaambiwa nisubiri. Nisubiri nini, mtu anaozwa mume yu hai? Siku ya nne nikatia kanuni mfukoni nikaenda. Nikamwambia mzee pale pale barazani kwamba mwanawe hajafa. Sikupata kusema la pili. Alishika nguzo ya baraza, akalia kama mtoto, na ndani mama wa kijana akaanza kushukuru kwa sauti mpaka majirani wakajaa uani. Furaha ya siku ile naikumbuka na bado inanichoma.

Mzee akasema, "Soma, Mwalimu, sote tusikie."

Nikasema mwenye barua ni mke wa mwanawe, lazima yeye aridhie. Nikaingia ukumbini, nikasimama mbele ya mlango wa chumba chake uliofungwa. Nikampa salamu, nikamwambia mumewe ameandika, nikamuuliza kama niisome. Hakujibu. Nikauliza tena. Kimya.

Kwetu msichana akiozwa, huulizwa kwa nyuma ya mlango hivyo hivyo, na akinyamaza huwa ameridhia. Nimesimama shahidi ndoa nyingi zilizofungwa kwa kimya hicho. Haikunipitikia hata mara moja kwamba mtu anaweza kunyamaza kwa sababu nyengine. Nikavaa miwani, nikasoma kwa sauti ya darasani.

Alianza kwa salamu. Akasema yu mzima, mguu ulioumia umepona, hajui atatoka lini. Kisha akaandika: "Wewe bado kijana, sitaki ufungwe kwa kifungo changu. Nakupa hiari. Ukitaka kuachika, baba na aijue barua hii, na siku atakayoijua ndiyo siku ya talaka yako. Ukitaka kunisubiri, isome peke yako, kisha ichane."

Nilikuwa nimeshasoma mpaka mwisho ndipo nikaelewa nilichosoma. Nikageuka. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu, na machozi ya furaha hayajamkauka. Nikamwambia haraka kwamba aliyesoma ni mimi, si mke wa mwanawe aliyetaka. Alitikisa kichwa polepole. Akasema mwanawe ameweka sharti, na sharti limetimia. Yeye ameshaijua, na hawezi kumdanganya Mungu kwamba hajaijua. Eda ya kufiwa haipo tena, akasema. Inaanza ya talaka.

Basi mwanamke yule alitoka katika eda moja akaingia nyengine bila ya kunyanyuka mkekani. Mumewe angeweza kumrejea ndani ya miezi mitatu ya eda hiyo, lakini barua huchukua mitano kwenda tu. Nilipiga simu ofisini pale pale uani, nikaomba wampate kwa simu. Wakaniambia gereza lile halina ruhusa hiyo. Nilipandisha sauti, nikatukana, nikaikata.

Niliporudi ukumbini ndipo aliposema, kwa sauti ndogo iliyokauka.

"Mwalimu, mie nlinyamaza kwa kuwa nlikuwa nalia. Sikukwambia usome. Mie kusoma najua."

Nilikuwa na karatasi mbili tu: barua yake, na fomu ya kujibia. Nikazipenyeza chini ya mlango pamoja na kalamu, jambo ambalo ningeweza kulifanya tangu siku ya kwanza. Nikakaa chini ukumbini kusubiri. Nje majirani waliondoka mmoja mmoja bila ya kuaga.

Fomu ilirudi baada ya muda mrefu. Majibu ni lazima tuyakague kabla ya kuyatuma, hilo halina hiari, na uungwana wangu ulikuwa umeshakwisha. Nikaisoma kimoyomoyo pale pale chini. Alikuwa na ukurasa mzima, akaandika mistari mitatu.

"Barua yako nimeipata. Baba ameijua. Sikumjuvya mimi."